Vijiti 57 kwenye daftari langu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Desemba 2025, nimekaa kwenye benchi la chuma ndani ya uwanja wa barafu wa mtaani kwetu hapa Ottawa. Chupa ya chai ya tangawizi iko miguuni. Mwanangu yuko chini anazunguka na wenzake, na vyuma vya viatu vyao vinakata barafu kwa sauti ile ya mtu anayechana doti ya khanga katikati.

Nilikuwa nimebeba daftari niandike majina ya vijana walioitwa kambini, kikosi cha hoki ya barafu cha Kanada cha chini ya miaka 20. Nafanya hivyo kila mwaka kabla ya mashindano ya dunia. Nikatafuta ukurasa mtupu, vidole vya baridi vikafungua pengine.

Vijiti.

Vitano vitano, vinne vimesimama na kimoja kimelala juu yake, kama wanavyohesabu magunia watu wa godauni. Nikavihesabu upya, ingawa jibu nilikuwa nalijua. 57.

Ile ilikuwa tarehe 27 Desemba 2024, Kanada na Latvia, hapahapa mjini. Kila Kanada walipopiga kisahani langoni, ile duara ngumu nyeusi inayochezewa badala ya mpira, nilichora kijiti. Viwili tu nimevizungushia duara. Vingine vyote 55 vilikufa mikononi na miguuni mwa kipa mmoja, Linards Feldbergs. Mechi ikaisha 2-2, wakaingia kwenye penalti, raundi nane, Kanada hawakupata hata moja. Kijana wa Latvia, Eriks Mateiko, akapata yake. Ukumbi ule mkubwa wa Kanata ulinyamaza mpaka ukawasikia Walatvia wachache waliokuwa juu kabisa wakiimba.

Lakini si vijiti vilivyonisumbua. Ni ukurasa wa kabla yake. Pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wiki moja kabla ya mashindano, nilikuwa nimeandika tathmini ya kikosi kile: "Kimekamilika. Hakina pengo."

Na nikapiga mstari chini yake.

Mstari ule sijauacha wala haujaniacha, wiki ya tatu hii.

Kilichoonekana na kilichokuwepo

Aliyefuatilia anakumbuka yaliyofuata. Kanada wakaifunga Ujerumani 3-0, mkesha wa mwaka mpya wakafungwa na Marekani 4-1, na tarehe 2 Januari wakakutana na Wacheki kwenye robo fainali. Walikuwa nyuma, wakahangaika, wakasawazisha 3-3 kipindi cha tatu, cha mwisho. Zikiwa zimebaki sekunde 39.4, mmoja wa Wakanada yuko kwenye kijumba cha adhabu na wenzake wamepungukiwa mtu, Adam Jecho akapachika la nne.

Nyumbani kwao wenyewe. Nafasi ya tano.

Nilikuwa ukumbini usiku ule pia. Tulikaa kwenye gari, foleni ya kutoka haisogei, hita inavuma, na hakuna aliyewasha redio. Baba watoto alitaka kusema kitu, akaacha.

Sasa narudi kwenye tathmini yangu. Nilimpima kila kijana kwa safu tatu: anafunga kiasi gani, anakaba vipi, ana uzoefu gani. Kila safu niliijaza kwa uaminifu, nikiwa nimesoma takwimu za ligi zao na kutazama mechi nilizoweza. Sikubahatisha. Ndiyo maana ninaumia. Angekuwa mtu aliyeandika kwa mapenzi tu ningemsamehe, lakini yule alikuwa anapima kweli, na kipimo kikamdanganya.

Kilipima nini hasa?

Dawa ya mwaka uliopita

Turudi nyuma mwaka mmoja zaidi, Gothenburg, Uswidi, Januari 2024. Robo fainali, Wacheki haohao. Zimebaki sekunde 11.7 matokeo ni 2-2. Jakub Stancl anapiga, kisahani kinamgonga beki wa Kanada, kinaingia. Wanarudi nyumbani na nafasi ya tano, ileile ambayo wangeipata tena mwaka uliofuata.

Wakati ule kila mtu alikuwa na jibu. Timu ilikuwa changa mno. Na kweli, katika kikosi kizima ni Owen Beck peke yake aliyekuwa amewahi kucheza mashindano hayo. Basi kwa ajili ya Ottawa wakatafuta waliokomaa. Wakarudi Brayden Yager akiwa nahodha, Easton Cowan, Oliver Bonk, Carson Rehkopf. Wakachaguliwa vijana wa kazi, wa kukaba, wa kujitupa mbele ya kisahani. Nyumbani wakabaki wafungaji, na wawili kati yao walikuwa wanacheza klabu moja, Saginaw: Michael Misa na Zayne Parekh. Msimu huohuo Misa alimaliza na mabao 62 na jumla ya pointi 134, yaani mabao na pasi za mabao, katika mechi 65. Parekh, ambaye ni beki, nasema beki, alikuwa na pointi 107 katika mechi 61.

Kikosi cha wakomavu kikafunga mabao 13 katika mechi 5. Bao la ushindi lilipohitajika, hakupatikana wa kulifunga.

Sasa jibu la mwaka huu mnalijua. Tatizo ni ukame wa mabao, basi waiteni wafungaji. Misa yupo. Parekh yupo. Orodha imejaa vijana ambao majina yao yakitajwa mashabiki wanasugua viganja.

Na mimi nilipoisoma nilifurahi, nikashika kalamu kuandika neno lilelile: kimekamilika.

Mkono ukasimama.

Kwa sababu niliona tunachofanya. Kila Desemba tunajibu mtihani wa Desemba iliyopita. Mwaka wa utoto tunaleta wazee, wazee wakikosa mabao tunaleta wafungaji, na wafungaji wakiruhusu mabao mengi, mwakani mtaona, tutaleta mabeki. Kila mara tunakwenda kwa uhakika, kwa sababu kidonda tunakiona.

Lakini timu ya vijana si timu ya taifa ya wakubwa inayokaa pamoja miaka minne. Vijana hawa wana miaka 17, 18, 19. Wengi wanavaa jezi ile mara moja tu maishani, wiki mbili, halafu umri unawapita. Tunaziba tundu la paa lililokwisha bomolewa.

Najua kuna upande wa pili. Fundi asiyejifunza kutoka kwenye kazi iliyoharibika si fundi. Kuwaacha Misa na Parekh nyumbani mwaka ule lilikuwa kosa, nalisema wazi, na kulirekebisha ni haki. Sisemi wasiitwe. Ninachouliza ni kwa nini marekebisho ya kosa moja yanatupa usingizi wa amani kama tumemaliza kazi yote.

Namba 41

Kuna jambo la nyumbani ambalo lazima niliseme, maana bila hilo nisingefika hapa.

Septemba mwaka huu mwanangu, ana miaka 13, alijaribu kuingia timu ya ushindani ya rika lake. Watoto wanapewa jezi za namba, wanateleza siku tatu, na watu wazima wanakaa juu kwenye viti na karatasi kwenye ubao wa klipu. Jezi yake ilikuwa namba 41. Usiku wa siku ya tatu orodha ikatoka kwenye simu. Namba tupu, bila majina. 38, 39, 42.

Aliisoma mara mbili. Halafu akaniambia, "Mama, nitakula kesho," akaenda kulala.

Hakuna aliyetuambia kwa nini. Sikuuliza pia, kwa sababu niliogopa kuwa mzazi yule, mnaomjua. Lakini siku tatu zile nilikuwa nimekaa safu mbili tu nyuma ya mmoja wa wapimaji, na niliona karatasi yake. Ilikuwa na safu tatu. Kuteleza, mikono, kukaba. Alama moja hadi tano.

Karatasi ile na daftari langu vilikuwa ndugu wa baba mmoja.

Nilikasirika kwa niaba ya mwanangu wiki mbili nzima kabla sijatambua hilo. Miaka yote nimekaa kwenye kochi na kalamu nikiwapa watoto wa wenzangu mbili, tatu, nne na nusu. Nao wana mama zao. Kila Desemba wapo wanaofungasha mabegi kambini na kurudi nyumbani siku chache kabla ya Krismasi, na mimi huku nafuta jina kwa mstari mmoja mnyoofu na kuandika juu yake jina lingine.

Sasa anacheza ligi ya kawaida ya mtaa, saa za alfajiri zile ambazo timu kubwa hazizitaki. Anacheka zaidi kuliko mwaka jana. Sijui niseme nini kuhusu hilo.

"Anarudije benchi?"

Jumamosi ile ya vijiti, tukiwa njiani kurudi, begi lake linanuka gari zima kama kawaida yake, alichukua daftari akaanza kulipekua. Akafika kwenye ukurasa wa kikosi cha 2025, akasoma safu zangu tatu kwa makini. Kisha akauliza:

"Mama, mbona hujaandika mtu akikosea anafanyaje?"

Nikamwambia hilo halina takwimu.

"Mimi ndiyo huwa naangalia," akasema. "Mtu akipoteza kisahani wakafungwa, naangalia anarudije benchi. Akija anagonga fimbo ukutani, najua zamu yake inayofuata atakwenda kumgonga mtu, atatolewa. Akija akakaa akanywa maji, yuko sawa."

Akarudisha daftari kwenye droo ya gari, akawasha muziki.

Kwa ambaye hajui mchezo huu, zamu moja ni kama sekunde 45. Unaruka ukuta, unakimbia kwa nguvu zako zote, unarudi umekaa, dakika moja na nusu hivi, unaruka tena. Kosa lako la sasa hivi hukai nalo mapumziko mazima kama kwenye soka. Linakaa na wewe benchini, bega kwa bega na mwenzako, muda wa kunywa maji mafunda matatu. Halafu unarudi nalo barafuni, au unaliacha pale.

Usiku huo nikaitafuta ile mechi ya Wacheki. Nimeitazama mara nne tangu siku hiyo. Baba watoto alipita na kikombe akaniuliza, "Bado uko Januari tu?" Nikamwambia bado.

Sikuangalia mabao. Niliangalia adhabu, kwa sababu adhabu ndiyo alama pekee ya lile jambo ambayo kamera inaionyesha vizuri. Gongo linaloinuliwa juu bila sababu. Goti linaloachwa nje. Kumsukuma mtu baada ya filimbi. Kwenye mashindano yale vijana wa Kanada walikaa kwenye kijumba cha adhabu kupita kiasi, na usiku ule wa robo fainali ni adhabu iliyowafungulia Wacheki mlango wa mwisho. Haikuwa tabia mbaya. Ilikuwa hofu. Watoto wa miaka 18 na 19, nyumbani, viti vyote vimejaa watu wa jezi nyekundu, na kila dakika inayopita bila bao inawakumbusha Gothenburg ambayo wengi wao hawakuwepo.

Tuliwapa deni la watu wengine walipe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilipoandika "hakina pengo" nilikuwa nimepima kila kitu ambacho timu inakuwa nacho ikiwa mambo yanakwenda vizuri.

Basi kikosi cha mwaka huu

Mashindano yanaanza keshokutwa, tarehe 26 Desemba 2025, Minnesota, Marekani. Kanada wako kundi la Minneapolis na Ufini, Latvia, Denmark na, kwa mechi ya kwanza kabisa, Ucheki. Mimi nisingepanga hivyo hata kwa kulipwa.

Ushambuliaji sina haja ya kuuzungumzia sana. Gavin McKenna wa Whitehorse, kule Yukon, amekuwa mtu mzima wa miaka 18 wiki hii. Ottawa alikuwa na 17 tu na alitoka na bao moja, halafu akarudi klabu yake ya Medicine Hat akamaliza msimu na pointi 129 katika mechi 56. Misa nimeshamsema. Porter Martone ndiye nahodha. Michael Hage, Brady Martin, Caleb Desnoyers. Mabao yatapatikana. Kama yasipopatikana, basi mchezo huu sijui chochote, nitarudi kwenye kusuka makuti.

Kuna wasiokuwepo, na tusijidanganye kuhusu hilo. Macklin Celebrini ana umri wa kucheza, lakini yuko San Jose anacheza na wakubwa. Matthew Schaefer yuko New York Islanders. Schaefer ndiye aliyejigonga kwenye nguzo ya goli usiku uleule wa Latvia akavunjika mtulinga, akaondoka mashindanoni, na Juni akachaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote walioingia NHL, ligi kuu ya wakubwa ya Amerika Kaskazini. Klabu zikisema hapana, hakuna wa kubishana nazo. Kikosi cha vijana cha Kanada hakijawahi kuwa vijana bora wa Kanada. Ni vijana bora walioruhusiwa kuja.

Nyuma ndiko kunakonikosesha usingizi. Parekh ni hazina, lakini ni beki ambaye roho yake iko mbele. Keaton Verhoeff na Carson Carels wana miaka 17 kila mmoja. Mabeki wa miaka 17 wawili katika mashindano ya chini ya 20 ni imani kubwa. Wanaweza kuistahili. Ila beki hafichiki. Mshambuliaji akiwa na usiku mbaya anapotea tu mchezoni, lakini wa beki unaandikwa ubaoni kwa taa.

Harrison Brunicke nampenda, na sitaficha kwamba sababu moja ni mahali alipozaliwa: Johannesburg. Anateleza kinyumenyume kwa utulivu kuliko wengine wanavyoteleza mbele. Mtazameni akipewa kisahani kwenye kona na watu wawili wanamjia. Hakimbilii kukitupa. Anainua kichwa kwanza.

Makipa wako watatu: Carter George na Jack Ivankovic, waliokuwepo Ottawa, na Joshua Ravensbergen. George hakufungwa na Ufini mwaka jana. Langoni sina hofu kubwa, mradi wasiachwe peke yao.

Mtoto wa Jarome

Naomba dakika moja ya kitu kisicho na uhusiano na safu zozote.

Nilifika nchi hii mwaka 2010, kutoka Tanga, na mechi ya kwanza ya mchezo huu kuitazama yote ilikuwa fainali ya vijana ya Januari 2011, kwenye sebule ya watu, sijui hata sheria. Kanada walikuwa mbele 3-0 zimebaki dakika 20. Urusi wakafunga matano. Mwenye nyumba, mtu mzima, alilia mbele ya wageni. Nikajiambia nchi hii ina kitu sijakielewa.

Lakini muda mrefu niliutazama kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Watu wenye sura yangu hawakuwamo, ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoelezwa kuhusu Jarome Iginla. Baba yake alitoka Nigeria. Mwaka 1996 alikuwa kwenye kikosi hikihiki cha vijana, akaongoza mashindano yote kwa pointi 12, wakachukua dhahabu. Mwaka 2002, Salt Lake City, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya majira ya baridi.

Mwaka huu mwanawe, Tij, yumo. Mwaka jana hakuweza hata kufikiriwa, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwanangu ana picha yake ukutani, juu ya kitanda, imeshikiliwa kwa gundi ya karatasi iliyoanza kuachia pembe moja. Kila nikiingia kufagia naibandika upya.

Kwa hiyo msinitake nimpime Tij Iginla. Siwezi.

Sita kwa sifuri

Kocha ni Dale Hunter, na huyu ndiye sababu ya mimi kuwa na matumaini, kuliko Misa na wenzake.

Alishakuwa kocha wa kikosi hiki mara moja, Ostrava, Ucheki, mashindano ya 2020. Mechi ya pili ya makundi walifungwa na Urusi sita kwa sifuri. Sita. Katika mechi hiyohiyo nyota wao Alexis Lafrenière akaumia, akasaidiwa kutoka barafuni. Nyumbani huku magazeti yalishaanza kuandika matanga.

Walishinda mechi zote zilizobaki. Lafrenière akarudi. Fainali wakakutana na Urusi tena, wakawa nyuma 3-1 kipindi cha mwisho, wakasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chini ya nne Akil Thomas akakimbilia kisahani kilichokuwa kinamponyoka kila mtu, akakipitisha, 4-3. Dhahabu.

Nimejiuliza mara nyingi nini kilisemwa chumbani baada ya ile sita. Labda hakikusemwa kitu. Najua tu kwamba kikosi kile hakikuwa na majina makubwa kuliko cha Ottawa. Kilikuwa na wiki moja ya kukaa na aibu pamoja, kikairudisha benchi, kikanywa maji.

Sasa shaka yangu ya mwisho, na hii nimekaa nayo usiku wa jana. Je, mimi nami sijibu mtihani wa mwaka jana? Nimeona adhabu za Ottawa, nimepata neno jipya, utulivu, na sasa nakipima kila kitu kwa neno hilo kama wao wanavyokipima kwa mabao. Inawezekana kikosi hiki kikatulia kama maji ya mtungini na kikafungwa na timu bora tu. Marekani wamechukua dhahabu mbili mfululizo, na safari hii wako kwao. Wacheki wana medali tatu katika miaka mitatu. Uswidi hawajawahi kuwa wa kupuuzwa. Watu wengine nao wanalea watoto.

Basi niandike tathmini yangu, kwa penseli safari hii. Nusu fainali wanafika. Watafunga mabao mengi kuliko miaka miwili iliyopita. Watafungwa mengi pia, na kuna usiku mmoja, nadhani na Wacheki, ambao mabeki watatafutwa. Yatakayotokea ndani ya dakika tatu baada ya hapo ndiyo nitakayoyaamini. Dhahabu, sithubutu.

Safu ya nne

Jana mwanangu amenichorea safu ya nne kwenye daftari, kwa rula. Juu yake ameandika "Benchi". Chini hakuna kitu, mistari 25 mitupu, moja kwa kila jina.

Amesema ataijaza yeye. Ijumaa jioni atakaa upande wa kulia wa kochi, karibu na taa, na mimi nitachora vijiti. Maandazi nimeshakanda. Nilimuuliza atatumia alama gani, moja hadi tano kama zangu, au vema na mkasi.

Akasema hapana, ataandika tu alichokiona.

Kabla hajaenda kulala nilimkuta anaongeza mstari wa 26, chini kabisa ya orodha, bila jina. Pembeni yake ameandika namba 41.